Geini iko kwenye rezista, si kwenye transista

Mdogo wangu unayeanza, ukipewa kazi ya kutengeneza amplifaya ya transista moja inayokuza volteji mara kumi, usihangaike kutafuta transista "kali". Mimi nilihangaika. Nilikuwa napima beta (mkondo wa kolekta ni mara ngapi ya ule wa besi) za BC547, transista ndogo ya kawaida, moja moja kama mtu anayeminya maembe sokoni, na bado kila bodi ilitoa jibu lake. Beta ya BC547 inaweza kuwa 110, inaweza kuwa 800. Ukiijenga hesabu yako juu yake, siku transista ikiungua unaanza upya.

Transista ina miguu mitatu: besi, kolekta na emita. Kwenye saketi ya emita ya pamoja, ambapo sauti inaingia kwenye besi na kutokea kwenye kolekta, geini (volteji inakuzwa mara ngapi) ni rezista ya kolekta kugawanya kwa rezista ya emita. Tuseme una volti 12 na umechagua mkondo wa miliampia 1. Rezista ya kolekta ya kiloomu 4.7 itakula volti 4.7, kolekta itakaa kwenye 7.3, na wimbi litapata nafasi ya kupanda na kushuka. Kwa geini ya 10, emita inahitaji omu 470. Ila ndani ya transista kuna upinzani wake wenyewe: milivolti 26 kugawanya kwa mkondo, yaani omu 26 hapa. Kwa hiyo unapata 4700 kwa 496, kama 9.5. Mimi huiacha hivyo, maana rezista nyingi za dukani zenyewe zinakosea asilimia 5.

Tatizo ni kwamba omu 470 peke yake inashika nusu volti tu, na joto likipanda mkondo unahama. Ongeza omu 560 chini yake, kisha hiyo 560 uizungushie kapasita ya maikrofaradi 100, yaani uiunge sambamba nayo. Mkondo mnyoofu (DC) utaona omu 1030, sauti itaona 470. (Usizungushie zote mbili! Geini itaruka hadi 180 hivi na sauti itakwaruza.) Kwenye besi weka kiloomu 100 juu, kwenda volti 12, na 18 chini, kwenda ardhini. Hapo beta iwe 110 au 800, mkondo unacheza kati ya miliampia 1.0 na 1.1 tu. Siku nilipofanya hesabu hiyo niliacha kupima beta.

Kilichonitoa jasho zaidi ni mzigo. Amplifaya yangu ilipima 9.5 mezani, nikaiunganisha na hatua ya pili yenye kiloomu 10 mlangoni, ikaanguka hadi 6.4. Nilibadilisha transista tatu, nikalaumu hata waya. Kumbe kwa upande wa sauti, ile 10 inasimama sambamba na 4.7 na kuwa kiloomu 3.2; gawanya kwa 496 uone. Siku hizi swali langu la kwanza ni: inaenda kulisha nini? Mzigo ukiwa mzito, naweka katikati transista ya pili ya kufuata emita, isiyokuza volteji ila inayobeba mzigo, geini inarudi.

Kabla ya kuingiza sauti, pima: emita iwe karibu volti 1, besi 1.7, kolekta 7. Kolekta ikisoma 12, transista imelala, haipitishi mkondo, na mara nyingi ni miguu imepishana. BC547, ukiitazama upande bapa miguu ikiwa chini, kushoto ni kolekta. 2N3904, transista nyingine ya aina hiyo, kushoto ni emita.