Mwanangu, kuhusu huyo Coles wa kaunti yenu

Mwanangu, meseji yako nimeiona, unauliza huyo Coles aliyepewa kaunti hapo Illinois unaposoma alikuwa shujaa kweli au mwanasiasa tu kama wengine. Mimi namheshimu, ila simpambi.

Edward Coles alizaliwa Virginia 1786 kwenye familia ya matajiri wa mashamba, na 1808 baba yake akafariki akamwachia shamba na watumwa. Tangu yuko chuo alishaamua kuwaachia huru, lakini hakumwambia mzee wake, aliogopa kunyimwa urithi. Alafu akaenda kuwa sekretari wa Rais Madison wa Marekani, yani watu wa watu wakakaa utumwani miaka mingine zaidi ya 10 wakati bosi anajipanga! 1814 akamwandikia Jefferson, rais wa zamani, amwombe aongoze vita ya kuumaliza utumwa pale Virginia, Jefferson akajibu kwamba yeye ameshazeeka, hiyo ni kazi ya vijana.

Aprili 1819 ndo akawapakia watumwa wake kwenye maboti, na walipokuwa wanashuka mto Ohio, Pittsburgh wameshaipita, akawaambia kuanzia sasa mko huru, anayetaka kushuka ashuke, anayetaka kwenda na mimi twende. Wakabaki wanatazamana tu, hakuna anayeongea. Walipofika Illinois kila familia ikapata ekari 160.

Ila mimi kinachonikuna zaidi ni ugavana wake wa Illinois. 1822 alipita na kura kama theluthi moja tu, maana wapenda utumwa waligawana kura, na hao ndo walikuwa wamejaa bungeni, wakataka katiba ibadilishwe utumwa uruhusiwe. Ilipopungua kura moja bungeni ili suala lipelekwe kwa wananchi, wakamtoa mbunge mmoja, Hansen, kiti wakampa mwingine anayekubaliana nao, mchana kweupe. Coles akatoa mshahara wake wote wa ugavana kwenye kampeni ya kupinga, na Agosti 1824 wananchi wakakataa, 6,640 kwa 4,972. Wabaya wake nao wakamburuza mahakamani, eti aliwaachia watu huru bila kuweka dhamana, yani ahadi ya pesa kwamba hawatakuwa mzigo kwa serikali, faini dola 2,000, mpaka mahakama kuu ya jimbo ikaja kuifuta 1826.

Baadae akagombea ubunge wa taifa akapigwa chini, akahamia Philadelphia. Na mtoto wake mmoja, Roberts, akaenda kupigana kwenye vita ya wenyewe kwa wenyewe ya Marekani upande wa Kusini, wa wenye watumwa, akauawa 1862. Mzee mwenyewe alifariki 1868, utumwa Marekani umeshafutwa.