AE ya huyu si AE ya yule

Mliuliza wiki hii kama viwango vya EE, ME, AE na BE vinamsaidia mzazi kujua mtoto wake anaendeleaje shuleni. Mimi ni mwalimu wa Gredi ya Tano huku Kilifi, Kenya, na jibu langu ni ndio vinasaidia, ila si kwa vile tunavyoviandika kwa ripoti fomu saa hii. Kwa asiyejua, EE ni mtoto amezidisha matarajio, ME ameyafikia, AE anayakaribia, BE bado yuko mbali nayo.

Siku ya kufunga shule wazazi wananishika hapo getini, "mwalimu, huyu wangu amekuwa wa ngapi?" Na siwalaumu manake wengi wamesoma enzi za KCPE, ule mtihani wa kumaliza shule ya msingi, tangu 1985 mpaka ule wa mwisho 2023 ilikuwa ni jumla ya maksi na namba darasani basi. Namba ilikwambia wangapi wako mbele ya mtoto wako, haikukwambia mtoto anajua nini. Viwango vilikuja kurekebisha hapo na mimi nilifurahi sana.

Sasa tazama. Nina watoto wawili wote wana AE ya Hisabati. Wa kwanza, kwa kutoa, kuzidisha na kugawanya hana shida kabisa, shida yake ni frakshoni, ukimpa 1/2 + 1/3 anaandika 2/5, yaani anajumlisha juu kwa juu na chini kwa chini, na ukifungua daftari lake utaona ni hivohivo kila mahali. Nikampa karatasi aikunje vipande sita, nusu ni vipande vitatu, theluthi ni viwili, akahesabu mwenyewe akasema mwalimu ni 5/6. Huyo alitaka karatasi na muda kidogo tu. Wa pili hesabu anaziweza, ila swali limeandikwa Kiingereza na kusoma Kiingereza ndo kunamshinda, nikimsomea swali lilelile kwa Kiswahili anapata bila kusukumwa. Huyu hata umpeleke tuisheni ya hesabu kila jioni hutamsaidia, anahitaji kusoma. Lakini kwa ripoti wote wawili ni AE, na wazazi wao wanarudi nyumbani na herufi mbili hizohizo.

Alafu sasa kwa KJSEA, ule mtihani wa kitaifa wa Gredi ya Tisa, kila kiwango kimekatwa mara mbili, EE1, EE2 mpaka BE2. ME2 inaanzia asilimia 41 mpaka 57. Mtoto wa 41 amekosa zaidi ya nusu ya mtihani na karatasi inasema amefikia matarajio! Mzazi akisoma hivo atalala usingizi mzuri, na hapo ndo naumia, manake mtoto huyo anaingia sekondari pevu na mashimo ambayo nyumbani hakuna aliyeambiwa.

England walishapita njia hii. Baada ya sheria yao ya elimu ya 1988 watoto waliwekewa levo, yaani viwango vya namba, wa miaka 11 akitarajiwa kuwa levo ya 4, kisha shule zikaanza kuikata 4a, 4b, 4c, na kazi ikawa ni kumsukuma mtoto atoke 4c afike 4b hata kama kuna mambo hajayashika. Kuanzia 2014 serikali yao ikaziondoa hizo levo.

Mimi sitaki zetu ziondolewe. Nataka chini ya kila kiwango pawe na mstari mmoja au miwili wa maneno ya kawaida, hiki anakiweza, hapa amekwama. Najua darasa la watoto sitini ni mzigo, na bado kuna zile kazi za KNEC, baraza la mitihani, za kusahihisha na kupakia alama kwa potali usiku ukiwa umechoka na mtandao unasumbua, basi tuanze na wenye AE na BE pekee. Na wewe mzazi ukija kuchukua ripoti usiondoke nayo hivohivo, mwambie mwalimu akufungulie daftari akuoneshe lile swali mtoto alilokosa na alilikosaje, muda huo anao.