Shangazi, kila asubuhi nanusa sabuni nijue kama mimi ni mzima

SWALI: Shikamoo Shangazi. Mimi ni mama lishe Kariakoo, naishi Mbagala. Februari 2021, wiki ile aliyofariki Maalim Seif, Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, kaka yangu aliugua siku chache akaondoka. Tukaambiwa changamoto ya upumuaji. Tulizika haraka haraka, watu wachache, wengine rambirambi zao wakatuma kwa simu. Tangu hapo nikiamka lazima ninuse sabuni. Nisiporidhika nanusa kitunguu saumu, kisha mafuta ya taa. Kwenye daladala, tukifika Mtongani watu wakabanana, moyo unanienda mbio, vidole vinakufa ganzi, pumzi inakata. Nimeshashuka njiani na nauli imeliwa. Malaria nimepima, sina. Nyungu nimepiga, najifukiza mvuke mpaka ngozi ya uso inabanduka. Mume wangu anasema ni mawazo tu, niache. Jirani anasema nimetupiwa kitu, kuna mtu wa kuniagua. Nina corona iliyojificha, au ndiyo naanza wazimu?
Msomaji, Mbagala

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole kwa kaka.

Wazimu huna. Na corona haina tabia ya kukuvaa Mtongani ikakuacha ukishashuka kituoni. Hali hii manesi tulikuwa tukiiona miaka mingi kabla ya ugonjwa huu: hofu kali inayolipuka ghafla. Mwili ukidhani kuna hatari unamwaga adrenalini kwenye damu, moyo unaenda mbio, unaanza kuhema juu juu. Ukihema hivyo unatoa kabonidayoksaidi nyingi mno, na ganzi ya vidole na kizunguzungu vinatokea hapo. Unahisi hewa imekwisha kumbe unahema kupita kiasi. Kwa kawaida hofu hiyo hufika kileleni ndani ya dakika kama kumi, halafu inashuka yenyewe. Wewe unashuka garini kabla haijashuka. Ukitulia pale kituoni mwili unaamini kushuka ndiko kulikokuokoa, na kesho yake unaogopa zaidi.

Sabuni nayo ni hivyo hivyo: ukiinusa unapata nafuu kidogo, kisha shaka inarudi na kudai kitunguu. Kupoteza harufu ni dalili ya corona kweli, kwa hiyo sikucheki. Lakini pua iliyounguzwa na nyungu, ikaongezewa moshi wa jikoni, ina siku zake za kugoma. Nyungu haiui kirusi, na mvuke unaunguza watu, iache. Mafuta ya taa yaache leo hii. Sabuni usiinuse mpaka chai ichemke. Wasiwasi utapanda, uache upande. Ukizoea, sogeza mpaka ufike Kariakoo. Sijui utapata wapi nafasi ya kunusa na wateja wamesimama na sahani.

Kuhusu gari, anza na safari ya kurudi mchana, watu wakiwa wachache. Kaa dirishani, fungua kioo, vaa barakoa. Hiyo ni tahadhari ya haki, maana ugonjwa bado upo. Hofu ikija usishuke. Vuta hewa taratibu kwa pua, itoe polepole zaidi ya ulivyoivuta, urudie mpaka moyo upoe. Asubuhi ya kubanana itafuata baadaye.

Barua yako nimeirudia, na kila mara nasimama pale pa mazishi. Msiba kwetu ni turubai, mikeka, wali wa sufuria kubwa, na shangazi zako wanaolala hapo hapo wakimsimulia marehemu mpaka watu wanacheka na kulia. Nyinyi mlipata meseji. Kiteni kikao cha familia, iwe kisomo au misa, hata muda ukiwa umepita, na kila mtu amseme kaka yenu. Mtamlilia upya, najua.

Hata hivyo nenda hospitali. Upungufu wa damu na ugonjwa wa tezi ya shingo vinaweza kuufanya moyo uende mbio, na kipimo cha malaria hakivionyeshi. Hospitali ya Rufaa ya Temeke haiko mbali nawe. Waambie unataka pia kuonana na watu wa afya ya akili, na useme habari za sabuni bila kuficha. Kifua kikikubana ukitembea, au ukianza kufikiri kwamba ni afadhali usiwepo, usingoje siku ya kliniki.

Mkwe wangu, hili la "ni mawazo tu" lipumzishe. Mkeo anajua ni mawazo, ndiyo maana kaandika. Msindikize kwenye hizo safari za mchana.

Chanjo ya corona hukuuliza, lakini zilianza kutolewa Julai 2021. Ile ya kwanza tuliyoletewa ilikuwa sindano moja. Ukipenda, uliza siku hiyo hiyo utakapokwenda Temeke.

Na jirani mshukuru kwa kukujali. Pesa ya mganga usitoe, ongezea mtaji wa mchele.