Maswali yenu ya Resident Evil 5: tamu sawa, ila hofu iko wapi?

Wiki iliyopita niliandika kwamba Resident Evil 5 ni gemu tamu lakini sio gemu ya kutisha. Watu wakawaka, meseji zikaja mpaka simu ikawa nzito. Nimechagua hizi chache. Zile zinazojirudia kila wiki nimezijibu kwa ufupi, na zile za matusi nimezisoma na kucheka, endeleeni tu.

"Bro unasemaje haitishi wakati mimi nilishindwa hata kuvuka pale mwanzo? Unajifanya mgumu." (Mdau, Buzuruga)

Kushindwa kuvuka na kuogopa ni vitu viwili tofauti ndugu yangu. Pale mwanzo umefungiwa uwanjani, majini (ndio wanavyoitwa watu walioingiwa na vimelea) wanamiminika madirishani na juu ya mabati, jitu la shoka linakuja, na wewe kazi yako ni kukimbia huku na huku mpaka helikopta ya rubani Kirk ifike ikuvunjie geti. Hiyo ni presha. Jasho linakutoka kwenye viganja, pedi inateleza, sikatai. Lakini ukifa unarudishwa palepale karibu, unapewa nafasi ya kupanga vitu vyako na kununua silaha kabla ya kuendelea, halafu unajaribu tena. Sasa unaogopa kupoteza nini?

Ile ya kwanza ya 1996 ulikuwa huwezi kuseivu bila utepe wa wino wa ile mashine ya taipu, na tepe zenyewe za kuhesabu. Mtu alikuwa anafika mlangoni anasita, risasi tatu, hajaseivu saa nzima, nyuma ya mlango kuna kitu kinakoroma. Huo ndio uoga ninaousema mimi. Hofu ya gemu inatokana na upweke na uhaba, na Capcom, watengenezaji wake, kwenye namba 5 wakakupa mwenzako wa kutembea naye na risasi za kumwaga, hofu itakaa wapi hapo?

Ila nikubaliane na wewe kwa kitu kimoja, maana kuna wanaosema haitishi kwa sababu inachezwa mchana, jua kali, vumbi. Hao siko nao kabisa. Dakika zile za mwanzo kabisa, Chris, yule unayemchezea, anapita mtaani watu wanamtolea macho, halafu anageuka mtaa mzima mtupu, ndio kipande bora cha gemu nzima. Hebu fikiria uko Makoroboi hapa Mwanza saa nane mchana, kelele zote zile za wauza mitumba zikate ghafla, watu wote wakuangalie wewe. Usiku wa nini tena? Tatizo ni kwamba wanakupa dakika chache za hivyo, halafu masaa yaliyobaki ni kufyatua tu.

"Naomba linki ya RE5 ya Android, ile ya MB 200." (wengi sana, kila wiki)

HAIPO. Toleo rasmi la Android lilitoka kwa ile Nvidia Shield tu, sio simu yako. Gemu yenyewe ni gigabaiti kadhaa, mtu akikwambia kaibana mpaka MB 200 jiulize kilichomo ndani ni nini. Mnadaunlodi, inawaambia mjaze namba ya simu ili "kuthibitisha", bando linaisha, salio linaliwa, halafu mnakuja kunilaumu mimi. Sitajibu tena hili swali, na nilisema hivyohivyo mwezi uliopita.

"Kwa PS2 inakubali?"

Hapana. Ya PS2 ni namba 4. Namba 5 ilianza na PS3 na Xbox 360 Machi 2009.

"Kaka shikamoo. Huyu Sheva ananimalizia dawa na risasi, kuna namna ya kumtuliza au nimuache hivyohivyo?" (Dogo wa Igoma)

Marahaba dogo. Hapo umegusa kidonda cha watu wengi. Sheva, yule mwenzako wa kutembea naye, akiongozwa na mashine ni mtihani, wewe umekwaruzwa kidogo tu yeye keshakurukia na majani ya dawa uliyokuwa unayatunza kwa ajili ya bosi, na bastola ataifyatua kwa jini lililo mbali mpaka magazini iishe.

Fanya hivi. Usimpe majani, yabebe mwenyewe na umtibu mwenyewe. Mpe silaha moja ambayo wewe huitumii, mimi nampa ile bunduki ya darubini maana shabaha anayo, na umpimie risasi kidogokidogo. Akibaki na nafasi wazi kwenye begi mbebeshe vitu vyako, kila mtu ana nafasi tisa tu na gemu haisimami ukifungua begi, kwa hiyo panga mapema kabla hamjavamiwa. Na muweke kwenye amri ya kukulinda, sio ya kushambulia, usipofanya hivyo atajipeleka mbele peke yake, na akifa yeye na wewe umekufa.

Lakini dawa ya kweli ni kutafuta binadamu. PS3 inagawa skrini, pedi mbili, mnakaa kwenye kochi moja mnagombana "nipe risasi, nipe risasi, wewe si unazo". Hapo gemu inabadilika kabisa. Nasema bila kuogopa mtu, kwa watu wawili hakuna Resident Evil inayoifikia hii, na nadhani ndio maana imeuzika nakala zaidi ya milioni 7. Anayeicheza peke yake anakula wali bila mboga halafu anasema mpishi mbovu. Wale wa kompyuta angalieni, toleo la mwanzo la kompyuta lilikuja bila skrini ya kugawana, msije mkanunua diski ya zamani mkakuta hola.

"Ni kweli wale majini wanaongea Kiswahili au ni masikio yangu?" (Fundi simu, Mkuyuni)

Masikio yako mazima. Wanaongea Kiswahili, na sio hao tu, angalia na majina ya wadudu na mabosi: Kipepeo, Popokarimu, Bui Kichwa, Uroboros Mkono. Popo mkarimu! Sijui alimkirimu nani.

Kinachonikera ni kwamba Kijuju, pale gemu inapotokea, ni mji wa kubuni na wameuweka Afrika Magharibi, Sheva mwenyewe ni wa BSAA ya huko huko, kikosi cha kupambana na silaha za kibayolojia, sasa Kiswahili kimefikaje? Ni ile ya kuona Afrika ni mtaa mmoja. Wangeiweka huku kwetu basi, visiwa tunavyo, mitumbwi tunayo, mamba tunao. Na hapo ndipo walipopoteza kitu kikubwa bila kujua, kwa sababu mchezaji wa Marekani anasikia makelele tu, ila sisi tunasikia mtu anaongea. Jini likikuita kwa lugha ya nyumbani kwenu lingetakiwa likugandishe damu. Badala yake wanabwata kwa lafudhi ya ajabu ajabu mpaka unacheka katikati ya vita.

"Naandika kazi ya chuo kuhusu ubaguzi kwenye magemu. RE5 ni ya kibaguzi, ndio au hapana?" (Mwanafunzi, Nyegezi)

Ndio au hapana peleka kwenye mtihani wa kuchagua. Nikupe ninachokijua halafu kaandike mwenyewe.

Trela ya kwanza ilionyeshwa 2007: mzungu mwenye bunduki, kijiji cha Waafrika, anawamiminia risasi. Mwandishi mmoja Mmarekani mweusi, N'Gai Croal wa jarida la Newsweek, akasema wazi kwamba picha zile zina historia mbaya nyuma yake na waliotengeneza ni kama hawakuiona. Upande wa pili wakajibu kwamba kwenye namba 4 mchezaji aliua Wahispania na hakuna aliyelia. Jibu hilo ni la kivivu, Wahispania hawakuwahi kuchorwa kama wanyama miaka na miaka ili wauzwe.

Mimi kama mchezaji wa huku, sura ya kwanza na ya pili sina shida nazo sana. Mabati, vumbi, bucha, mabango yaliyochanika, inaonekana mtu aliangalia picha halisi. Wananipoteza sura ya tatu, pale kwenye mabwawa. Unaingia na boti, mamba wanakumeza mzimamzima ukizubaa ndani ya maji (hiyo safi, hapo kweli nilikuwa natembea kwa tahadhari), halafu wanakuja Ndipaya, kabila la kubuni, na vinyago, majani kiunoni na mikuki. Mwaka 2009! Watu wa mwambao wa ziwa wamezoea kuchorwa hivyo na watu ambao hawajawahi kushuka kivuko cha Kamanga. Sijui kama ni chuki, ila uvivu ni uvivu, na uvivu wa namna hiyo unaumiza vilevile.

Na usinukuu maneno yangu kwenye kazi yako kama chanzo, mwalimu atakucheka.

"Mwanangu wa miaka kumi anashinda banda la gemu, nasikia kuna gemu la majini. Litamletea mapepo?" (Mama, Nyakato)

Shikamoo mama. Mapepo hapana, hayo ni picha na sauti tu, na kwenye hadithi yenyewe ni vimelea waliotengenezwa maabara na kampuni ya kubuni, hakuna uganga. Usimpeleke kokote kuombewa kwa ajili hiyo.

Lakini mama, gemu hiyo imewekewa alama ya miaka 18 kwa Ulaya. Watu wanakatwa vichwa kwa msumeno. Mtoto wa miaka kumi hana kazi nayo, na mwenye banda anayempa pedi kwa sababu ana shilingi mia mbili ndio wa kuongea naye, tena nenda mchana watu wakiwepo. Nawaambia na nyie wenye mabanda mnaosoma hapa, mnajijua. Mpira upo, mbio za magari zipo, wapeni watoto hizo. Na zile mashine za kubeti mlizozipanga ukuta mmoja na PS, ziondoeni.

"Wateja wangu wanasema RE5 rahisi, wanamaliza haraka, nifanyeje?" (Mwenye banda, Kirumba)

Futa seivu! Nimepita mabanda mengi ya mjini hapa na karibu kila PS3 unakuta seivu ya mtu alishamaliza zamani, silaha zote zimepandishwa mwisho, risasi haziishi, bazuka haliishi. Dogo anakaa anaua bosi kwa sekunde tano halafu anatoka nje anatangaza gemu mbovu. Hao ndio wananiandikia matusi, na wengine hata pedi hawajashika, wameangalia tu YouTube mtu akicheza. Fungua akaunti mpya, anza kiwango kigumu cha Veteran, usiwape kile rahisi cha Amateur. Akimaliza hapo aende Professional, huko kofi moja tu uko chini unaomba mwenzako akuinue. Tuone nani ataita rahisi.

"Kwanini huwezi kutembea huku unapiga? Gemu ya 2009 imekaa kizee." (Mdau, Igogo)

Hili najua nitapigwa mawe ila nalitetea. Ndio, Dead Space, gemu nyingine ya kutisha ya 2008, ilikuwa tayari inakuruhusu kutembea ukiwa umelenga na ikatisha kuliko hii. Lakini kwenye RE5, kusimama ili upige ndio uoga pekee uliobaki, ukilenga umeamua kubaki hapo, na kuna mmoja nyuma yako humuoni. Ukiondoa hiyo inabaki gemu ya vita ya kawaida. Walipoiondoa namba 6 mwaka 2012, hofu iliongezeka? Nijibuni.

"Wesker na Jill wananiua kila siku, nipe mbinu."

Usipigane. Wesker, adui mkuu, alishakwambia ana dakika saba tu za kucheza na wewe. Kimbia, jifiche nyuma ya nguzo na vyumba vya pembeni, ukisikia viatu vyake hama. Saba zikiisha kipande cha Wesker kinaisha chenyewe. Cha kuchekesha ni kwamba hapo ndipo gemu inapokumbuka kutisha, umejibanza humuoni unamsikia tu. Na kule mwisho kwenye volkano Chris anapolipiga jiwe ngumi mpaka linasogea, tafadhali, sisi ni watu wa Mwanza, mawe tunayajua. Aje alijaribu lile la Bismarck pale ziwani.

"Kwa hiyo hakuna kipande kinachotisha kabisa?"

Vipo viwili. Ule mgodi wa giza sura ya pili, mmoja anabeba taa hawezi kupiga, mwingine anapiga haoni bila taa. Wangetengeneza gemu nzima hivyo leo tusingekuwa tunabishana, ushirikiano ungekuwa ndio chanzo cha hofu badala ya dawa yake. Na kingine ni Lost in Nightmares, ile nyongeza ya 2010, Chris na Jill, enzi walipokuwa bado pamoja, kwenye jumba la tajiri Spencer, kimya, milango inalia, risasi za kuokoteza. Fupi sana lakini inaonyesha walikuwa wanajua kutisha, waliamua tu.

"Sijawahi kucheza Resident Evil yoyote, nianze na ipi?" (Binti, Pasiansi)

Peke yako, anza na namba 2 iliyotengenezwa upya 2019, halafu namba 7 ya 2017, ile nyumba ya kina Baker, vaa hedifoni. Kama una kaka au rafiki wa kukaa naye, chukua 5 na usisikilize mtu, hata mimi. Ila kubalianeni kabla ya kuanza nani anabeba taa.