Swali na Jibu: Tano zinanitoka kila siku

SWALI: Dada habari, naanza kujifunza karata za taroti, zile za kutabiria, na hizi namba zinanichanganya kweli, juzi nimetoa Tano ya Vikombe na Tano ya Sarafu kwa mpigo nikaogopa, ndo mikosi au? Na lazima nikariri zote?

JIBU: Mdogo wangu usiogope, na wala usikariri kwanza. Karata zote ni 78, zenye namba ni 40, moja hadi kumi kwenye makundi manne: vikombe ni moyo, sarafu ni mali na mwili, panga ni akili na maneno, fimbo ni hamasa na kazi. Namba inakwambia safari imefika wapi, kundi linakwambia ni safari ya nini, basi. Moja ni mbegu, nne imetulia, kumi imefika mwisho.

Sasa tano ndo inavuruga ule utulivu wa nne. Kwenye fimbo vijana watano wanagombana, kwenye panga mtu kashinda ila wenzake wanaondoka zao. Chukua hiyo ya Vikombe uliyotoa, kama ni mchoro wa Pamela Colman Smith wa 1909 uitazame vizuri: mtu kajifunika joho jeusi anaangalia vikombe vitatu vilivyomwagika, nyuma yake viwili vimesimama wima na hajageuka kuviona. Mimi hapo ndo huwa nakaa sana. Na kwenye Sarafu, mwanamke yuko peku kwenye theluji na mwenzake ana magongo, lakini juu yao dirisha la kanisa linawaka. Kwa hiyo mimi nasoma hasara, ndiyo, ila na kitu kilichobaki ambacho hujakitazama bado.