Meneja wa hoteli kasema ziwa ni salama: watoto waogelee?

SWALI: Shikamoo daktari. Krismasi hii tunawapeleka watoto Mwanza kwa bibi yao, na tumepanga kulala siku mbili tatu kwenye hoteli yenye ufukwe wake ziwani. Wana miaka 9 na 6, wamezoea kuogelea baharini hapa Dar, kwa hiyo najua kuwatoa kwenye maji itakuwa kazi. Nilipopiga simu hotelini, meneja aliniambia maji yao ni maangavu, majani wanafyeka kila wiki, na hajawahi kusikia mgeni wao kapata kichocho. Shemeji yangu naye anasema tusihangaike, tununue dawa za kichocho tumeze siku ya kuondoka, biashara imeisha. Nimsikilize nani?
*Mama wa watoto wawili, Dar es Salaam*

JIBU: Marahaba mama. Usimsikilize yeyote kati yao. Kama hoteli ina bwawa la kuogelea linalotiwa klorini ipasavyo, watoto waogelee humo, na ziwa walifaidi wakiwa mchangani au kwenye boti. Baharini mlikozoea hakuna kichocho kwa sababu konokono wanaokieneza hawaishi kwenye maji ya chumvi. Ziwa Victoria ni maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, na mwambao wake ni miongoni mwa maeneo yenye kichocho kingi kuliko yote nchini.

Sidhani meneja anakudanganya. Hajasikia mgeni aliyeugua, na hatasikia. Anayeambukizwa kwenye ufukwe wake leo haumwi leo. Homa ikija, kwa kawaida huja baada ya wiki nne hadi nane, mgeni akiwa ameshafika kwake Dar, Nairobi au Ujerumani. Wengi hawapati hata hiyo homa, minyoo inakaa mwilini miaka bila wao kujua. Nani atakumbuka kumpigia meneja simu?

Habari ya maji kuwa maangavu nayo ina historia yake. Upande wa Malawi wa Ziwa Nyasa kuna sehemu ya watalii iitwayo Cape Maclear. Maji yake yanang'aa mpaka unaona samaki wa rangi rangi wakipita miguuni, na kwa miaka mingi wengi waliamini kwamba ziwa lile halina kichocho. Mwaka 1992 vijana wawili wa Kimarekani waliokuwa wakijitolea huko waliugua kichocho kilichoshambulia mfumo wa fahamu, baada ya kuogelea hapo. Watafiti walipowapima damu wageni 917, wakazi na wapita njia, 303 walikuwa na dalili kwamba wameshaambukizwa. Ni theluthi nzima, na hawa walikuwa watu wa kuoga kwa starehe, siyo wavuvi wala wakulima wa mpunga.

Uangavu hausaidii kwa sababu anayekuambukiza haonekani ukiwa umesimama majini. Mtu mwenye kichocho akijisaidia ziwani, au mvua ikisomba kinyesi chake kutoka porini, mayai yanaanguliwa majini na vijidudu vinamwingia konokono. Huyo konokono wa kichocho cha tumbo (siyo kile cha mkojo) ni mdogo, gamba lake limejikunja bapa kama koili ya kufukuzia mbu. Vijidudu vinazaliana ndani yake kwa wiki kadhaa, kisha anaanza kuvimwaga majini maelfu kwa maelfu. Maabara wanamweka konokono wa namna hiyo kwenye glasi ya maji safi, wanaisogeza kwenye mwanga mkali, na baada ya saa moja au mbili wanaishika mbele ya kitambaa cheusi. Kama ameambukizwa, unaona kitu mfano wa vumbi jeupe kikipanda na kushuka ndani ya glasi. Kila chembe ya vumbi hilo ina mkia wenye panda na inatafuta ngozi ya mtu. Ikiipata, inapenya kwa dakika chache tu, na mwilini inakua kuwa mnyoo. Haihitaji kidonda, wala haihitaji umeze maji. (Jaribio hili waachie wenye glavu, tafadhali.)

Kufyeka majani kunasaidia kiasi, siyo bure. Konokono hupenda matete, mafunjo na mizizi ya magugu maji, na ufukwe wazi wa mchanga unaopigwa na mawimbi huwa na wachache kuliko kighuba kilichotulia. Ila hoteli inafyeka mbele yake tu. Vijidudu vilivyomwagwa kwa jirani vinaelea na maji, na hukaa hai siku moja hadi mbili. Tena Ziwa Victoria lina aina nyingine ya konokono wa kichocho anayeishi chini kwenye tope na mchanga, mbali na majani, ambaye panga la mfyekaji halimfikii. Kwa hiyo mkifika msitazame ufukwe wa hoteli peke yake. Tembeeni mpaka mwisho wa uzio mwone kilichoko upande wa pili. Mkikuta mwalo wa wavuvi, kina mama wanafua na watoto wanaoga, au mfereji unatiririka kutoka makazi ya watu, basi mmeshapata jibu lenu, hata kama upande wenu kuna miavuli na viti vya kulalia.

Najua vilevile kwamba watoto ni watoto. Wakishaingia, kuna mambo yanayopunguza hatari bila kuiondoa. Vijidudu vya kichocho hutoka kwa konokono kwa kufuata mwanga, na huwa vingi zaidi jua likiwa kali, kuanzia saa tano asubuhi hivi hadi saa tisa alasiri, ambao ndio muda watoto wanaupenda. Kucheza kwenye maji ya magotini penye majani ni hatari kuliko kuruka kutoka kwenye boti mbali na ufukwe, ingawa hapo tena unahitaji jaketi la kuokolea maisha na mtu mzima anayejua kuogelea. Wakitoka, wasuguliwe kwa taulo kavu mara moja na kwa nguvu, wasiachwe wakaukie juani. Taulo linaweza kuwawahi baadhi ya vijidudu ambavyo havijapenya, lakini usilitegemee kama kinga.

Na hapa nikuulize jambo ambalo wageni wengi hawalifikirii: maji ya kuogea chumbani yanatoka wapi? Kama ni ya mamlaka ya maji, yametibiwa. Kama hoteli inayavuta yenyewe kutoka ziwani na kuyapeleka moja kwa moja bombani, mnaweza kuambukizwa bafuni bila hata kugusa ufukwe. Maji yakikaa kwenye tangi lisilo na konokono kwa siku mbili kamili bila kuongezewa mapya, vijidudu hufa vyenyewe. Muulize fundi wa maji wa hoteli, maana meneja huenda hajui.

Tuje kwa shemeji. Dawa anayoisema ni praziquantel, na ni dawa nzuri sana. Ubaya wa ushauri wake ni siku. Praziquantel huua minyoo iliyokomaa. Minyoo iliyoingia jana au wiki iliyopita bado ni michanga na dawa haiiwezi. Mkimeza siku ya kuondoka, mtaonja uchungu wake, pengine tumbo litasokota kidogo, na minyoo itaendelea kukua kama kawaida huku ninyi mmeshajihesabu wazima. Hapo ndipo ninapoona madhara makubwa kuliko kutomeza kabisa, maana mwezi wa pili mtoto akipata homa hakuna atakayekiwaza kichocho. Wakati unaofaa ni wiki 6 hadi 8 baada ya kugusa maji ya ziwa kwa mara ya mwisho. Mkitoka Mwanza mwisho wa Desemba, andika kwenye kalenda katikati au mwisho wa Februari.

Wakati huo nendeni hospitali mkapime. Kwa mgeni aliyeoga siku chache, kipimo cha choo pekee kinaweza kudanganya kwa sababu minyoo ni michache na mayai ni ya kutafuta. Kipimo cha damu cha kingamwili kinafaa zaidi mahali kilipo, na daktari anaweza pia kuamua kuwatibu kwa historia tu. Dozi ni miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito, kwa hiyo watoto wapimwe uzito siku hiyohiyo, msigawane vidonge kwa kukisia. Imezwe baada ya kula. Kwa miaka 9 na 6 hakuna shida yoyote.

Kabla ya Februari, mtoto akipata homa, kikohozi kikavu, vipele vya kuwasha au tumbo kuuma, mwambie daktari moja kwa moja: "Tulioga Ziwa Victoria tarehe fulani." Usipolitaja hilo Dar, atapimwa malaria, ataambiwa ni typhoid, na mtazunguka na antibayotiki.

Mengine kwa haraka, ingawa yanaua upesi kuliko kichocho. Mamba na viboko wapo Ziwa Victoria. Viboko hutoka kula usiku na kurudi majini alfajiri, kwa hiyo ile saa ya mapema yenye vijidudu vichache siyo saa ya kumpeleka mtoto ufukweni. Waulizeni wavuvi, wao ndio wanaojua mamba alionekana wapi juzi. Mwaka 2002 msichana wa Kiingereza aliuawa na mamba alipokuwa akiogelea usiku Ziwa Chala, lile lililoko mpakani mwa Tanzania na Kenya, ambalo wengi walikuwa wakilichukulia kuwa halina mamba. Mkiona maji yana utando wa kijani uliotanda kama rangi iliyomwagika, hasa kukiwa shwari, wasiingie hata miguu, maana mwani huo unaweza kuwa na sumu inayodhuru ini. Na baada ya mvua kubwa, maji ya karibu na mji yanabeba uchafu wa mji.

Kuhusu binamu zao watakaowakuta kwa bibi: hao huenda wanaoga ziwani kila siku, na watoto wako watauliza kwa nini wao wasiruhusiwe. Watoto wa shule kule hupewa kingatiba ya kichocho kwenye kampeni za serikali. Muulize bibi kama walikuwepo shuleni siku ya kumeza. Kama walikosa, dawa wapate zahanati mkiwa bado huko, na kwa kuwa wao wanaingia majini mwaka mzima, hawana haja ya kungoja Februari.