Msimfiche mzee. Muulizeni yeye mwenyewe, wiki hii

Unasema baba ana saratani ya koo la chakula, imeshasambaa, baba wadogo wanataka asiambiwe, na wewe unauliza kama uuze kiwanja umpeleke India. Kikao hicho hicho nimekikalia mimi, Moshi, mwaka 2019. Msimfiche!

Sisi tulimwambia baba ana vidonda vya tumbo. Mtu wa miaka 71, anajiona mwenyewe: kwanza ugali ukagoma kupita, akahamia kwenye mtori, mtori nao ukakwama, ikabaki uji, mwisho maji ya kijiko. Mgonjwa wa koo anaona njia ikifungwa kila mlo. Na sisi tunamwambia, "Ukimaliza dozi hii utakula nyama." Alikuwa akiitikia "haya" na kugeukia ukutani. Nikadhani amechoka, kumbe anatuhurumia.

Aliyetupoteza ni mtu wa maombezi aliyekuja nyumbani akasema ukitaja kifo umekikaribisha. Mama akafunga mdomo. Tukazuia kila mwenye uso wa huzuni, hata shangazi, ambaye hakuwa akisemezana na baba miaka tisa kwa sababu ya mpaka wa kihamba, shamba la ukoo. Sadaka yule bwana alipokea. Msibani hakuonekana. Sijamsamehe.

Ugonjwa ule ukigusa mshipa wa fahamu unaoendesha sauti, mtu hubaki na mnong'ono. Baba hata huo mnong'ono ulimwisha. Akaomba kalamu kwa ishara, akaandika nyuma ya cheti cha dawa jina la shangazi na alama ya kuuliza. Shangazi alikuwa Tanga. Amefika tunachimba kaburi.

Baadaye nesi wa tiba shufaa, ile ya kumpunguzia mgonjwa maumivu na kumfariji, aliniambia wanachowauliza wagonjwa: umeuelewaje ugonjwa wako, unaogopa nini zaidi, nani unataka kumwona. Baba angejibu yote matatu. Na maumivu yale yana morfini ya maji ya kunywa, mtu anatulia akiwa kitandani kwake. Ocean Road, hospitali ya saratani Dar es Salaam, huduma hiyo ipo, ulizeni.

Usingoje kikao cha ukoo. Kesho asubuhi kabla ya wageni, kaa karibu naye: "Baba, wewe unaona ugonjwa huu unatupeleka wapi?" Halafu nyamaza, hata akikaa kimya robo saa. Akisema hataki kujua, mheshimu, ila aseme yeye, asisemewe. Na akitaja jina la mtu, piga simu hapo hapo umwekee sikioni, sauti ikiwa bado ipo.